Petha ya Kamla

Richfield, Minnesota
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpenzi Bupe,

Pokea salamu za dada yako aliye mbali. Mimi ni mzima, nakula, napumua na kulala, ingawa kulala kwenyewe ni kwa vipande. Habari za Tukuyu? Mvua imekaaje mwaka huu? Migomba ya nyuma ya jiko bado imesimama, au upepo umeilaza tena? Na wewe mwenyewe, hali yako? Swali hili la mwisho naomba usilijibu haraka haraka kama tulivyozoea, maana nitalirudia huko mbele.

Huku watoto hawajambo. Keziah mdogo, wajina wangu, ameota meno mawili na ameanza kusimama kwa kushika kochi. Dada yake Joan anasoma vizuri. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa kila neno, lakini ananijibu kwa Kiingereza, nasi tunaelewana hivyo hivyo, kila mtu na njia yake. Mwanangu Anselm na mkewe Doris wanakusalimu sana, ila hawajui barua hii ina urefu gani.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ninayopiga huko huwa inasimamishwa mezani sebuleni, na wote wamenizunguka, kila mmoja anapunga mkono. Yapo maneno ambayo mtu hawezi kuyasema huku mkwe wake anamenya chungwa pembeni. Basi barua hii anakuletea Abdulkarim, anayefanya kazi na Anselm. Kwao ni Mbeya mjini, anakwenda kumwona mama yake, na ameniahidi atapanda mpaka kwako mwenyewe aikabidhi mkononi. Mpe chai na ndizi.

Unakumbuka nilikuja kumpokea mtoto, nikae mpaka akaze shingo, kisha nirudi. Alipokaza shingo wakasema ngoja aanze kukaa. Alipokaa, theluji ikawa imeanza, na Anselm akasema siyo vizuri mtu wa umri wangu kusafiri katika baridi. Nyumba ni nzuri, Bupe, sitaki uone sina shukrani. Ina joto, maji ya moto hayakatiki, na friji imejaa. Lakini wao wanatoka alfajiri kwenda hospitalini, mmoja Saint Paul na mwingine upande wa mjini, na mimi nabaki na mtoto na madirisha. Dirisha moja linatazama maegesho ya magari. Lingine linatazama anga, na uwanja wa ndege uko jirani, kwa hiyo mchana kutwa naziona ndege zinanyanyuka, zimekaribia hata unasoma maandishi ubavuni.

Mlangoni wameweka kamera. Siku moja nilifungua mlango nikatupe taka, nikasikia sauti ya Doris inatoka ukutani: "Mama, unaenda wapi bila koti?" Niliruka nusura niangushe mfuko. Doris alikuwa kazini, ananitazama kwenye simu yake. Alinieleza baadaye kwamba ni kwa usalama wangu. Naamini alisema kweli. Lakini tangu siku hiyo, kila nikigusa kitasa najikuta natengeneza kitambaa changu kichwani kama mtu anayeingia ofisini.

Kisha jioni moja mezani Anselm akatangaza habari njema. Alisema ameshaanza kuniombea makazi ya kudumu, niwe mkazi wa hapa, na kwamba kwa vile yeye ni raia haitachelewa sana. Doris akapiga makofi. Nikauliza, na nikitaka kwenda nyumbani mara moja nione watu? Akasema hapana, nikitoka nje ya nchi kabla ya jibu, faili linakufa. Nisubiri tu. Kanisani watu walinikumbatia wakinipongeza, na mimi nikasema asante, asante, na mdomo ukawa mkavu kama nimelamba majivu.

Sasa nikueleze Kamla.

Kamla ni mama wa Kihindi wa rika langu, mjane kama mimi, anakaa mlango unaotazamana na wetu. Kijana wake, Pankaj, anafanya kazi za kompyuta. Alimleta mama yake kutoka mji wa Agra, majira ya baridi ya mwaka mmoja kabla sijafika mimi. Tulikutana chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo zima. Hajui Kiingereza. Mimi Kihindi sijui hata salamu. Alikuwa anahangaika na mashine, akanionyesha chupa akasema "sabun." Nikamwambia ndiyo, sabuni! Tukatazamana. Akasema "dawa," akionyesha mgongo wake unaouma. Nikasema dawa! Basi tukakaa pale juu ya viti vya plastiki tunatafutana maneno kama watoto wanaokusanya kuni. Dunia, kitabu, duka, rangi, hali, vyote anavyo. Mashine ziliacha kuzunguka zamani, sisi bado tumekaa.

Kuanzia hapo nikawa nafua hata nguo zilizo safi.

Siku moja alijipiga kifuani akasema "kaidi." Akarudia, "Kamla, kaidi." Nikacheka sana, nikajipiga kifuani na mimi: Keziah kaidi pia, muulize marehemu mume wangu! Yeye hakucheka. Joan aliporudi shuleni nikamwomba aulize kile kibao chake cha mtandao neno hilo kwa Kihindi maana yake nini. Akaliandika, akasoma, akaniambia bila kuinua macho kwamba maana yake ni mfungwa.

Nilikaa na neno hilo, Bupe. Mwanangu hajanifunga. Mwanawe hajamfunga. Hakuna mtu aliyetukosea.

Kamla ndiye aliyeniletea mumunye. Kubwa, la duara, lina unga mweupe juu ya ganda kama limepakwa poda, na zito hasa. Alilibeba kama mtoto. Kwao Agra hulipika kwa sukari mpaka linakuwa tamutamu inayoitwa petha, vipande vyeupe vinavyong'aa. Kwa ishara na yale maneno yetu alinifahamisha kwamba alikulia kwenye uchochoro ambao kila nyumba inapika petha, kwamba yeye na dada yake mkubwa ndio walikuwa wakimenya na kukata, na kwamba dada huyo sasa yu mgonjwa. Alitaka kumpelekea petha aliyoipika kwa mkono wake. Nikamuuliza, utampelekeaje? Akanyoosha kidole dirishani, kwenye ndege, akasema "safar."

Jikoni kwao hakutaka kupika, kwa sababu Pankaj ana kisukari na mkewe hapendi sukari ionekane. Tukapika kwetu. Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Hatukuwa na chokaa ya kukazia vipande. Kamla alitikisa kichwa kama anayesema tujaribu hivyo hivyo, tukalimenya, tukatoa mbegu na ule moyo wake wa sponji, tukakata vipande vinene, tukavitoboa kwa uma kila upande, tukavitia kwenye sukari. Vikalainika, vikavunjika, vikawa uji. Wakati tunabishana na uji huo, sukari ikafurika ikaingia kwenye moto. Moshi! King'ora cha dari kikaanza kulia, mtoto akaamka analia, na ukutani sauti ya Doris inapiga kelele: "Mama! Mama, kuna nini? Toka nje na mtoto!" Kamla alipanda kiti, mwanamke wa umri ule, akawa anapepea king'ora kwa ncha ya sari yake. Nilimwona nikaanza kucheka, na sikuweza kuacha.

Doris hakucheka. Aliporudi aliniambia kwa adabu, mikono ameifumbata, kwamba anaomba nisipike kitu chochote cha moto mkali wakiwa hawapo. Alisema, "Siyo kwamba sikuamini, Mama." Nikamwambia naelewa. Nilikuwa na jiko langu mwenyewe kabla hajazaliwa, Bupe, lakini nilimwambia naelewa.

Mara ya pili tulipikia kwa Kamla, mkwe wake akiwa kazini. Nilimfunga wajina wangu mgongoni kwa kitenge nikavuka ukumbi, nikiiambia kamera kwa sauti kubwa kwamba naenda kwa jirani. Safari hii Kamla alikuwa na chokaa, ile ya kopo dogo ambayo kwao huliwa na majani ya tambuu, maana alimwambia Pankaj mgongo unahitaji. Tuliikoroga majini, tukaloweka vipande mpaka kesho yake. Vilitoka vigumu, ukivigonga vinalia. Tukaviosha na kuviosha, Kamla ananusa kila mara akisema bado, mpaka harufu ya chokaa ikaisha. Tukavichemsha vikawa kama kioo, unaona kidole chako upande wa pili. Ndipo tukavitia kwenye shira ya sukari, moto mdogo, kidogo kidogo, na sukari ikawa inaingia ndani badala ya kuvivunja. Kamla alichovya kidole kwenye shira, akakibana na kidole gumba, akavitenganisha kunionyesha uzi mwembamba umesimama katikati. Akatia iliki na matone ya maji ya waridi. Madirisha yote yakawa yamefunikwa na mvuke, hatuoni maegesho wala ndege, na kwa mara ya kwanza tangu nifike huku nilisahau niko wapi.

Tulivitandaza juu ya waya vikauke. Nikauma kimoja. Nje kimekaza, ndani kina maji, kinapoa mdomoni. Kamla alinitazama mpaka nikameza.

Kisha akapanga vilivyobaki ndani ya bati, akafunika, na kutoka kwenye kiuno cha sari akatoa pasipoti yake. Akavua bangili za dhahabu, akaziweka juu ya pasipoti. "Keziah," akasema, "safar. Angrezi." Nikafahamu. Angrezi ni Kiingereza. Alitaka mtu wa kumsemea.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kwenda kumwambia Pankaj. Nilimwambia kesho kutwa.

Siku hiyo Doris alikuwa nyumbani, ametoka zamu ya usiku, amelala na mtoto kifuani. Nilimbusu wajina wangu unyayo. Nikachukua kikapu cha nguo, nikapita mbele ya kamera kama ninayekwenda kufua, na kweli nilishuka nikaziweka nguo kwenye mashine nikaiwasha. Kamla alikuwa ananisubiri amevaa makoti mawili juu ya sari na buti za mkwe wake, bati kwapani. Tukatokea mlango wa nyuma, mimi na kikapu changu. Ile baridi, Bupe! Inaingia puani kama sindano. Tukashikana mikono kwenye barafu, tunatembea kama kuku, mpaka kituoni, tukapanda basi, kisha treni, na hakuna mtu hata mmoja aliyetuuliza tunakwenda wapi. Nilikuwa nimezoea kuulizwa kiasi kwamba nilitamani mtu aniulize.

Uwanja wa ndege ni mkubwa na una mwanga mkali. Nilikwenda kaunta na Kiingereza changu cha miaka yote ile ya ualimu, nikamwambia yule dada kwamba rafiki yangu anataka kwenda India leo. Alikuwa mpole. Alisema tiketi ya namna hiyo hainunuliwi pale, inanunuliwa kwa kadi, kwenye mtandao, na bangili hawapokei. Nilimfasiria Kamla kwa mikono. Akazisukuma bangili mbele zaidi, kana kwamba hakuziweka vizuri. Yule dada akatazama pembeni.

Tukaenda kukaa kwenye benchi. Nilisema kwa sauti, sijui namwambia nani, "Sasa nifanye nini, Bwana?" Na mwanamke aliyekuwa anasukuma kiti cha magurudumu kitupu akasimama ghafla. "Mama," akasema, "unasema Kiswahili? Muko na billet? Munaenda wapi?" Alikuwa Mkongo, kwao Bukavu, tiketi wanaiita billet, jina lake Héritière, kazi yake ni kusukuma wazee na wagonjwa mpaka kwenye ndege. Nilimweleza yote. Kamla akafungua bati akampa petha, akala akiwa amesimama. Nilidhani atatusifu au atatucheka. Akaniambia mama yake yuko Bukavu na hajui kama watawahi kuonana tena, na kwamba angempata hapa hata kwa siku moja asingemwacha aguse mlango. Kisha akafuta macho akasema, "Lakini pigia mtoto wako, Mama. Sasa hivi atakuwa amekufa kwa woga." Akanipa simu yake.

Nilimpigia Anselm. Mimi mwenyewe. Nataka ujue hivyo.

Walikuja wote wawili. Anselm alikuwa na nguo za hospitali, koti halijafungwa, na Pankaj nyuma yake mwenye viatu vya ndani. Pankaj alipiga magoti pale mbele za watu, akashika miguu ya mama yake, akaanza kusema kwa Kihindi na kulia. Sikuelewa neno. Niliona tu uso wa Kamla unavyobadilika. Alifunga bati. Akalifungua. Akalifunga tena. Ndipo Pankaj akatugeukia, akasema kwa Kiingereza kwamba dada wa mama yake alikwishafariki, zamani kidogo, kabla ya Krismasi, na kwamba alishindwa kumwambia kwa sababu ya moyo wake, na kwa sababu angetaka kwenda. Yote yale, Bupe, kumenya, kuloweka, kukesha na chokaa, tulikuwa tunampikia marehemu.

Kamla hakupiga yowe. Aliinuka, akanikumbatia kwa nguvu, makoti mawili na yote, akamfuata mwanawe. Bati alimwachia Héritière. Wiki ile ile Pankaj alimpeleka Agra, na sijui kama atarudi.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Anselm alichukua kikapu changu ili akiweke kwenye gari, akakiona kizito. Akakifungua. Chini ya kitambaa alikuta pasipoti yangu, niliyoichukua kwenye droo yake, na Biblia yangu, na vitenge viwili, na viatu vyangu vya kanisani. Ndiyo, mdogo wangu. Sikuwa namsindikiza Kamla. Na mimi nilikuwa nakuja. Kadi sikuwa nayo, wala sikujua ningelipa kwa nini, lakini kama yule dada wa kaunta angesema twende, ningepita bila kugeuka nyuma.

Anselm alikaa kwenye usukani, hakuwasha gari. "Mama," akaniuliza, "ulikuwa unaniacha?"

Nikamwambia nilikuwa narudi kwangu, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Halafu, kwa vile nilikuwa nimetoka kumwona Pankaj amepiga magoti, nikamuuliza, "Na wewe umenificha nini?"

 Akawa anafuta ukungu wa kioo kwa mkono wa koti. Nikasema, "Bupe? Ndiyo maana siku hizi kila nikipiga, mwanawe Tusajigwe anasema mama amelala, mama yuko shambani?" Akaweka kipaji cha uso kwenye usukani akaniambia.

Kwa hiyo najua, Bupe. Najua sukari ilipanda, najua kidonda, najua Mbeya hospitalini walikukata mguu chini ya goti, na mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kwenye joto natazama ndege. Na najua kwamba ni wewe uliyewaambia wasiniambie, ili karatasi zangu zisiharibike. Nilikukasirikia, mdogo wangu. Nilikukasirikia siku nzima. Kuna karatasi gani duniani ya kunifanya nisikushike mkono siku ya namna hiyo?

Anselm alisema jambo moja tu la kujitetea. Alisema yeye baba yake alimzika kwa simu, amesimama kwenye ngazi za hospitali na masikio yameziba kwa baridi, kwa sababu wakati ule karatasi zake mwenyewe hazikumruhusu kutoka. Aliapa hatanizika hivyo. Alidhani nikiwa hapa, ameliweza hilo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mlango ule wa kamera ulikuwa unamfunga na yeye. Nilimshika shingo kama alipokuwa mdogo, tukakaa hivyo mpaka askari wa maegesho akatugongea kioo.

Ameandika kwamba ombi langu lifutwe. Tiketi amekata mbili, yake na yangu, baada ya Pasaka. Doris ananisemesha kwa kifupi siku hizi, anatafuta mahali pa kumweka mtoto, nami simlaumu, maana mzigo wote unamwangukia. Kamera bado iko mlangoni. Jana iliniuliza naenda wapi, nikaiambia naenda Tukuyu, na upande wa pili nikasikia Doris anajizuia kucheka. Lakini theluji bado haijayeyuka, na nikisikia ndege nasimama kila mara, hata nikiwa nimembeba mtoto. Wajina wangu ameanza kuzinyooshea kidole. Kumwacha huyu kutaniuma mahali ambapo sijawahi kuumia.

Petha sikuletei, na unajua kwa nini.

Nisalimie Tusajigwe, umwambie simlaumu kwa uongo aliotumwa. Wasalimie wanakwaya wote, na jirani anayetulindia mlango wa chumba changu, mwambie akifungue kipate hewa. Na wewe, Bupe, siku nitakapoingia usiufunike huo mguu kwa kanga. Niache niuone.

Ndaga fijo kwa kunivumilia mpaka mstari huu.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Keziah